Wapinzani wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi. Karatu

Mvua imeanza leo mchana na umeme ukakatika hapohapo, kama kawaida ya Karatu. Nilikuwa nachapa barua ya kijana anayeomba kazi ya udereva wa watalii, ikapotea yote. Goodness, mwenye duka, akaniambia nianze upya na nisimtazame hivyo, si yeye aliyekata umeme. Nimeamua kuandika shajara msimu huu wa mvua ili hasira zangu zipate pa kukaa, maana Goodness anasema dukani kwake zimeshajaa.

Kinachonikera ni hiki. Mimi Witness Parmuat nina digrii ya sheria, na huu ni mwaka wa tatu natoa kopi za vitambulisho vya watu. Nimeomba ufadhili wa masomo. Kuna Mfuko unaochukua wahitimu vijana kutoka nchi za Afrika na kuwapeleka kusoma shahada ya uzamili ya haki za binadamu na demokrasia. Nimepita mchujo wa kwanza, nimepita na wa pili. Kimebaki kitu kimoja: kila mwombaji arudi kwao, asimamie watu wakichagua kiongozi wa jambo lolote kwa kura, aandike ripoti kabla Aprili haijaisha. Nikikosa safari hii umri utakuwa umenipita na siwezi kuomba tena. Basi nitabaki na mashine ya kopi mpaka tuzeeke wote wawili.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kopi. Mteja mmoja kagoma kulipa eti uso wake kwenye kopi umekuwa mweusi.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Wamama wameandamana na vitenge vya sare kwenye matope, wamependeza kuanzia magotini kwenda juu. Mimi nilikwenda kwa Bwana Modest, mratibu wa Mfuko kanda yetu. Ofisi yake iko juu ya duka la spea za magari, kwa hiyo mnaongea kwa kupokezana na kelele za mafundi. Ni Mwiraqw wa hapahapa, mtaratibu, tai shingoni kila siku. Tangu nimjue nimekuwa nikijiambia nikikua nataka kuwa hivi.

"Umepata cha kupigia kura?" aliniuliza.

Nikamweleza. Kitongojini kwetu, kata ya Enguserosambu, wametuchimbia kisima kirefu chenye pampu ya sola na birika la kunyweshea mifugo. Mvua zikiisha pampu itawashwa, na kabla ya hapo anatakiwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mtu wa kushika ufunguo na kupanga zamu za kunywesha.

"Safi kabisa. Wagombea wasipungue wawili, mdogo wangu. Na kura iwe ya siri. Siri ndiyo roho ya jambo zima."

Nikaandika "siri" na kuipigia mstari mara mbili. Nilitoka pale najiona mtu.

Jumamosi, 16 Machi. Nyumbani

Goodness kanipa ruhusa kwa kununa. Nimefika nimelowa chapachapa. Niliinamisha kichwa, baba akanigusa utosini, mama akasema nimekonda na chai ikaja kabla sijavua viatu. Kesho kanisani, keshokutwa mkutano. Nimewaambia utachukua nusu saa.

Jumatatu, 18 Machi

Nusu saa! Tumekaa darasani tangu asubuhi mpaka ng'ombe wamerudi.

Nilisimama nikaeleza vizuri, kwa Kimaa, lugha yetu Wamasai, na kwa Kiswahili: tunataka majina mawili, tupige kura, tumalize. Mzee Sairowua, ambaye ndiye laigwanani wetu, kiongozi wa mila, alikuwa amekaa kwenye dawati la darasa la pili, magoti yamefika kidevuni. Akasema, "Vizuri, mtoto wetu. Ila kwanza tuongee."

Wakaongea. Mtu anasimama, anachukua rungu, anatembea mbele na nyuma, anataja kila chemchemi iliyowahi kukauka na aliyesababisha ikauke, anakaa. Anasimama mwingine, anasema yaleyale, anaongeza ng'ombe mmoja kwenye habari, anakaa. Hakuna anayemkatiza mwenzake. Mimi nilikuwa na ratiba niliyoichapa kwa rangi.

Jumanne, 19 Machi

Wameongea tena. Nimemwambia mama hawa wazee watanikosesha masomo. Mama akasema, "Hawajamaliza." Nikasema najua hawajamaliza, ndiyo shida yenyewe. Akaenda kukamua.

Jumatano, 20 Machi

Leo wamemaliza, na nina mengi ya kuandika.

Majina yalikuwa yameshabaki mawili. La kwanza Supeet, mnunuzi wa ng'ombe wa minadani, kijana wa rika lililotoka umorani juzi juzi, maneno mengi, pikipiki mpya. Wenzake walimtaka kwa sababu pampu ikiharibika atamfuata fundi mjini Wasso siku hiyohiyo. La pili yeyo Naeku, yaani mama Naeku. Huyu ni mjane, jirani yetu wa upande wa msitu, na ndiye aliyezunguka ofisi za wilaya kwa miaka mpaka kisima kikachimbwa. Walimzoea hata walinzi wa getini. Nami moyoni nilikuwa naye tangu mwanzo, ingawa msimamizi hatakiwi kuwa na upande.

Naeku alisimama nyuma walikokaa wanawake, mkononi ameshika majani mabichi, kama mwanamke anavyofanya akiomba jambo kwa amani.

"Mimi nina mbuzi, na ndama wawili," alisema. "Mnajua kiangazi mbuzi wa mjane wanakunywa saa ngapi. Wanakunywa tope. Nikishika ufunguo sitawanywesha wangu kwanza, kwa sababu hata nikiwanywesha kwanza hakuna atakayeona tofauti, ni wachache. Lakini nitaweka zamu, na zamu ya mwenye wengi itafika, na ya mwenye mmoja itafika."

Kijana mmoja akauliza mwanamke atamzuiaje mwanamume mwenye ng'ombe mia na fimbo mkononi. Ndipo Mzee Sairowua akanyanyuka. Alisema ufunguo wa maji haupewi mwenye ng'ombe wengi, hata awe mwema namna gani, kwa sababu ng'ombe wake watamlilia na yeye ni binadamu. Na kama mtu atamnyanyulia Naeku fimbo, atakuwa amewanyanyulia wote waliokaa humu ndani. Akauliza mmoja mmoja: wewe unasemaje? Na wewe? Akafika kwa Supeet.

Supeet akasimama, akachukua rungu. "Nilikitaka hiki kitu," alisema. "Sikatai, nilikitaka. Lakini nimewasikia, nimeelewa. Ufunguo apewe yeyo Naeku. Na pikipiki yangu itamfuata fundi."

Darasa zima likaitikia. Nusura nilie, ndipo nikakumbuka kura.

"Sasa tupige kura," nikasema.

"Tumeshamaliza," akasema Sairowua.

"Kura ya siri, mzee. Ndiyo wanayoitaka."

"Siri ya nini? Nani humu ana jambo asiloweza kuniambia usoni?"

Ikabidi baba aniombee. Alisema mtoto ametumwa na watu wa shule, tumsaidie amalize kazi yake, haitupunguzii kitu. Supeet akakubali jina lake liwekwe kwenye karatasi ili wafike wawili. Nilikuwa na hasira nao kwa kunipotezea siku tatu, na nilikuwa nawapenda, yote kwa pamoja.

Alhamisi, 21 Machi

Tumepiga kura. Nilitundika shuka kwenye kona ya darasa, sanduku likawa boksi la mafuta ya kula. Kwa wasiosoma niliweka picha: kibuyu kwa Naeku, pikipiki kwa Supeet. Bwana Modest alikuwa aje kushuhudia lakini korongo lilijaa maji akarudia njiani. Nikapiga picha za simu.

Kura zote ni kibuyu. Zote! Nimehesabu tena, nikazigeuza nyuma na mbele nikitafuta japo pikipiki moja.

Nikamfuata Supeet nje. "Hata wewe mwenyewe hukujipigia?"

Akanishangaa. "Jana nilisema mbele ya watu. Ulitaka nikiingia nyuma ya shuka niwe mtu mwingine?"

Jumapili, 31 Machi. Karatu

Pasaka. Ripoti nimeituma juzi. Nimekula wali na kuku kwa Goodness na hakuna mtu aliyenikera, hata mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Wamejibu. Imeandikwa kwa Kiingereza kilainiii, nami naiweka hapa kwa Kiswahili kikavu: matokeo ambayo mgombea mmoja anapata kura zote ni dalili ya shinikizo, inatia shaka zaidi kwamba mgombea wa pili hakujipigia kura yeye mwenyewe, zoezi lirudiwe kabla ya mwisho wa mwezi mahali ambapo wananchi wana uhuru wa kutofautiana, vinginevyo ombi litafungwa.

Uhuru wa kutofautiana! Siku tatu walitofautiana mpaka mgongo wangu ukauma! Nimeigonga kibodi mpaka Goodness akaja kuiangalia kama imepona.

Jumamosi, 6 Aprili

Kwa Bwana Modest. Nilimweleza yote: siku tatu, rungu, majani, Supeet. Alisikiliza vizuri, akavua miwani, akasugua macho.

"Hayo unayoyasema nayaelewa," akasema. "Hata kwetu Wairaqw wazee walikuwa hivyo. Lakini wale hawasomi hayo, Witness. Wanasoma jedwali."

"Sasa nifanyeje?"

Akatazama mlango. "Wengine huwa wanarekebisha. Unampa mwenzake kura kidogo. Theluthi hivi, inapendeza."

Nikamjia juu. Nilimwambia nimeomba kusomea haki za binadamu, sijaomba kusomea wizi wa kura. Akasema basi nirudie, na safari hii atakuja mwenyewe hata kama atalala njiani. Nilishuka ngazi nikijivuna. Yule mtu niliyekuwa natamani kuwa kama yeye nimemwona kumbe ni karani tu aliyechoka.

Jumanne, 9 Aprili

Umeme hakuna. Kazi hakuna. Goodness ananiuliza kama huko ng'ambo kuna mtu atakayenivumilia.

Jumamosi, 13 Aprili. Nyumbani

Nilikuja nikiogopa watakasirika. Badala yake wamecheka, na Mzee Sairowua alicheka mpaka akakohoa.

"Ngoja nielewe," akasema. "Wanasema tumekubaliana kupita kiasi?"

"Ndiyo, mzee."

"Wanataka watu wa kumkataa Naeku."

"Wanataka kuona kwamba mtu akitaka kumkataa, anaweza."

"Wangapi?"

Hapa ndipo ningesema, hapana mzee, si hivyo, haigawiwi. Lakini nilifikiria mashine ya kopi. Nikasema, "Theluthi hivi, inatosha."

Basi wakagawana kama wanavyogawana kazi ya kujenga zizi. Kila boma likaambiwa litoe mtu mmoja au wawili wa kumpigia Supeet. Ilikuwa kama harusi. Mzee Tajewo alikataa katakata. Akasema yeye hamkatai mtu aliyekwisha kumkubali, hata kwa mchezo. Wakambembeleza, akagoma, wakamwacha akaondoka na fimbo yake akinung'unika. Naeku mwenyewe alikuwepo anafuta machozi ya kicheko. "Nipeni tu hao maadui," akasema, "ila wasizidi!" Nami nilicheka. Nimeandika hapa kwamba nilicheka.

Jumatano, 17 Aprili

Bwana Modest alifika na Landkruza imejaa matope mpaka madirishani, kofia ya Mfuko kichwani. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Shuka lilelile, boksi lilelile. Watu walikuja wamechangamka, wanataniana kwa kukonyeza: wewe ni adui au rafiki? Wakaingia mmoja mmoja. Nilihesabu mimi, Modest akishuhudia.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kibuyu, kibuyu, pikipiki, kibuyu. Watu wakishangilia kila pikipiki ikitoka, wakiwatafuta kwa macho waliopangiwa. Halafu pikipiki zikaanza kufuatana. Vicheko vikapungua. Wanawake walioketi nyuma wakanyamaza kwanza, kisha wanaume. Mimi nilikuwa nasoma tu, najiambia za Naeku zimelalia chini, zitakuja. Hazikuja za kutosha. Supeet alimshinda kwa kura saba.

Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa Bwana Modest, na hata yeye alipiga mara mbili akaacha.

Nilimtafuta Naeku kwa macho. Alikuwa anatazama watu, uso mmoja baada ya mwingine, taratibu, anawapita wote. Na kila aliyetazamwa alitazama chini, hata wale ambao ninaamini walimpigia. Siwezi kuieleza ile hali. Ni majirani wa miaka yote, na kwa mara ya kwanza hawakuweza kutazamana.

Mzee Sairowua akanijia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo ilinimaliza. "Mtoto wangu, ni nani hao waliobadilika? Nitajie, niende bomani kwao tukaongee. Labda kuna jambo hatukulisikia."

"Siwezi, mzee. Hakuna anayejua. Ni siri."

"Sasa nitaongea na nani?"

Bwana Modest alikuwa anagonga muhuri kwenye muhtasari, nakala moja ya Mfuko, nakala moja ya ofisi ya maji wilayani.

Alhamisi, 18 Aprili

Wamekaa tena asubuhi, engigwana, kikao cha wote, ya dharura. Sairowua alipendekeza turudi kwenye neno la mwezi uliopita. Supeet akasimama na rungu.

"Mwezi uliopita nilikaa siku tatu," alisema. "Nilikuwa nakitaka hiki kitu, nikakiachia mbele yenu. Baadaye mkaambiwa yale si kitu, mpaka sanduku. Mkakubali si kitu. Mkaleta sanduku mara ya pili. Sikumwomba mtu kura, sikumpa mtu hata soda. Sanduku limesema. Sasa mnataka nikiachie mara ya pili?"

Wakaniangalia mimi. Ningesema nini? Mtu kasema kweli. Nilimfuata baadaye nikamuuliza wapi lile neno lake la pikipiki kumfuata fundi. Akasema atamfuata, ni kisima chake sasa. Akaona nimekunja uso. "Witness, sikuiba. Umehesabu mwenyewe."

Jioni mke wa kaka yangu aliniambia kitu tukiwa tunafunga ndama. Yeye hakuwa kwenye waliopangiwa. "Niliingia pale, peke yangu, nikamkumbuka Supeet ni shemeji, nikasema asije akaaibika akipata chache. Kura moja itamfanya nini Naeku? Wengine watampa." Akanishika mkono. "Usimwambie mtu."

Nadhani na wengine walisema hivyohivyo nyuma ya shuka. Si wote, kuna ambao hawakutaka mwanamke tangu mwanzo na walipata pa kujificha. Sitajua kamwe ni wangapi wa hivi na wangapi wa vile. Nimejichukia leo.

Ijumaa, 26 Aprili. Karatu

Ripoti nimeituma. Theluthi ya Modest niliikataa kwa kelele, nikaenda nikaiomba nyumbani kwetu, ikazaa zaidi. Angalau yake ingeharibu karatasi tu.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua kubwa. Karo la jirani limefurika, duka linanuka.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepata. Ufadhili wote: ada, nauli, nyumba, posho. Kamati imevutiwa na "ushindani wa kweli" na "ujasiri wa kuipeleka jamii kutoka kwenye shinikizo hadi kwenye chaguo huru". Goodness amepiga vigelegele mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini, akawagawia soda za kwenye friji, yeye ambaye hajawahi kunipa hata maji. Nilicheka naye. Kisha nikaingia stoo nikakaa juu ya maboksi ya karatasi nikalia kwa hasira, na sijui nilikuwa namkasirikia nani.

Jumatano, 15 Mei

Nimewaandikia ukweli wote. Kwamba uchaguzi wa kwanza ndio uliokuwa huru. Kwamba wa pili wapinzani waligawiwa kwa maboma, na mimi nilijua, na mimi ndiye niliyetaja kiasi. Kwamba mwanamke aliyekubaliwa na watu wote amenyang'anywa kiti na zoezi langu. Nimewaomba wayafute matokeo na waiandikie ofisi ya maji ya wilaya kwamba kura ile haikuwa halali. Nimesema naelewa kama watanifutia ufadhili.

Nilimpelekea Bwana Modest nakala kwanza. Aliisoma mara mbili. "Una hakika?" Nikasema ninayo. Akasema, "Mimi nisingeweza," na akaituma mbele mwenyewe, nikiona. Nimemwonea huruma, na nimemrudishia heshima kidogo.

Jumapili, 19 Mei

Mvua zinapungua. Sijajibiwa. Nimejiandaa kabisa kukosa, hata nimesafisha mashine ya kopi.

Ijumaa, 24 Mei

Wamejibu. Wanasema andiko langu limesomwa mbele ya kamati nzima. Wamefurahishwa na uwezo wangu wa kujikosoa. Wananiomba ruhusa lichapishwe kwenye kitabu cha mwongozo kwa waombaji wa mwakani. Ufadhili uko palepale, na nitapewa mwalimu maalumu wa kunisimamia. Kuhusu matokeo, Mfuko hauingilii maamuzi ya jamii husika.

Jamani. Hauingilii!

Nimeisoma mpaka herufi zikacheza. Goodness alipouliza nimemwambia wamekubali. Akasema, "Sasa mbona umevimba?" Nikasema sijui, na yeye akafunga duka mapema, akanipeleka kula nyama choma.

Jumamosi, 8 Juni. Nyumbani

Nimekuja kuaga. Mvua zimekwisha, vumbi limeanza kunyanyuka barabarani, na pampu imewashwa tangu wiki iliyopita. Inafanya kazi vizuri. Supeet alishamfuata fundi mara moja na pikipiki, kama alivyosema.

Asubuhi niliteremka kisimani. Ng'ombe wa Supeet walikuwa birikani, wale wekundu wa mnadani aliowaleta juzi, na nyuma yao wa marafiki zake. Hakuna aliyekuwa anapigana, hakuna fimbo iliyonyanyuliwa. Zamu ipo, imeandikwa kwenye ubao. Inaanza na wenye wengi, eti ili wamalize mapema wapishe wengine. Yeyo Naeku alikuwa amekaa kwenye mawe upande wa juu, mbuzi wake wamejilaza kuzunguka miguu yake. Jua lilikuwa limeshakuwa kali.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko, yeyo."

Nikainama, akanigusa kichwa, mkono wake ukakaa pale zaidi ya kawaida. Nikakaa chini pembeni yake. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa maneno mengi, njia nzima nilikuwa nayapanga, na yote yalinikauka.

"Baba yako ameniambia uliwaandikia," akasema. "Uliwaambia yote?"

"Yote."

"Wamejibu?"

"Wamejibu."

"Wamesemaje?"

"Wamesema nimeandika vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayengojea sehemu iliyobaki. Kisha akauliza, "Na maji?"

"Hawakusema kitu kuhusu maji, yeyo."

Alimvuta mbuzi mmoja aliyetaka kuteremka kabla ya zamu, akamkalisha. Pale chini Supeet alinipungia mkono na mimi nikampungia. Tulikaa hapo mpaka saa tisa, maji yalipotufikia yalikuwa yamechafuka.